Nge, Nyigu na Fataha

Al-Hajjaj bin Yusuf, liwali wa Iraki kuanzia mwaka 694 mpaka alipofariki mwaka 714, hakuwa mtu wa kuambiwa amekosea. Alikuwa msemaji hodari na mwepesi wa kuita upanga, na hotuba zake bado zinasomeshwa. Siku moja alimwita Yahya bin Yaamar, mwanachuoni wa Basra, akamtaka amwambie kweli: amepata kumsikia akiboronga Kiarabu? Yahya akajaribu kuchengachenga, akasema amiri ni mfasaha mno hata afikiriwe hivyo. Al-Hajjaj hakumwachia. Mwisho Yahya akakiri kwamba kosa lipo, tena limo katika kisomo chake cha Qurani.

Kosa lenyewe lilikuwa sauti moja. Aya ya 24 ya Surat at-Tawba ina kitenzi kana mwanzoni, kisha inataja vitu vinane ambavyo moyo wa mtu hushikamana navyo: baba, wana, ndugu, wake, ukoo, mali, biashara na makazi. Baada ya msafara wote huo ndipo linapokuja neno lenye maana ya "vinapendwa zaidi". Neno hilo lazima limalizikie na a, ahabba, kwa sababu kile kitenzi cha mwanzoni kinalidai hivyo. Al-Hajjaj alikuwa akisoma ahabbu. Alipofika mwisho wa orodha alikwisha kusahau sentensi ilianza vipi.

Amiri hakubisha. Alimwambia Yahya kwamba hatamsikia akikosea tena, akampeleka Khurasani, mbali kabisa upande wa mashariki. Wapokezi wa kisa hiki wanaongeza kwamba baadaye ilifika barua kutoka kwa liwali wa huko, Yazid bin al-Muhallab, imeandikwa kwa Kiarabu kilichosukwa vizuri mno, hata Al-Hajjaj akashangaa Yazid amejifunza wapi kuandika hivyo. Akajibiwa kwamba Yahya bin Yaamar yuko huko.

Kwa sisi tunaosema Kiswahili, ugomvi wa namna hii unaweza kuonekana kama shughuli ya watu wasio na kazi. Kwetu mtendwa, yaani yule ambaye walimu wa sarufi humwita yambwa au shamirisho, anajulikana kwa mahali alipokaa. Juma alimpiga Hamisi. Ukiyageuza majina, basi Hamisi ndiye mwenye fimbo. Kile kiambishi -m- ndani ya kitenzi kinatuambia kwamba yupo aliyepigwa, ila hakimtaji nani. Kiarabu cha fasihi kina njia nyingine: jina lenyewe hubadilisha sauti yake ya mwisho. Mtenda humalizikia na u, na hali hiyo huitwa rafu. Mtendwa humalizikia na a, nayo ni nasbu. Jina la mmiliki na lililotanguliwa na kihusishi hukutana hapo, kwa kuwa yote mawili humalizikia na i, nayo ni jarri. Jina lisilo na al- mbele yake aghalabu huongezewa n, ndipo tukapata Zaydun, Zaydan, Zaydin. Mabadiliko haya kwa jumla yanaitwa i'rab, neno ambalo kwetu limebaki kuwa jina la a, e, i, o, u wanazokariri watoto wa darasa la kwanza.

Kwa kuwa alama imo ndani ya jina, majina yana uhuru wa kutembea. Katika aya ya 28 ya Surat Fatir, jina la Mwenyezi Mungu limetangulia na wanavyuoni wamekuja mwisho kabisa. Lakini jina la Mwenyezi Mungu lina a, na wanavyuoni wana u. Basi wao ndio wanaomcha Yeye. Zibadilishe irabu hizo mbili, huku maneno yakibaki palepale yalipo, na utakuwa umemfanya Mungu awaogope waja wake. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini watu wa karne ile hawakulala.

Hawakulala kwa sababu mwandiko wa Kiarabu wa zama zile haukuonyesha sauti hizo hata kidogo. Aliyezaliwa jangwani alizijua kwa ulimi. Lakini ndani ya miaka hamsini tu Waarabu walikuwa wameshika Iraki, Shamu, Misri na Uajemi, na miji kama Basra na Kufa, iliyoanza kama kambi za jeshi, ilijaa Waajemi, Waaramu na watumwa walioachwa huru, wote wakijifunza Kiarabu wakiwa watu wazima. Kuteleza katika irabu za mwisho kuliitwa lahni, na lahni ilianza kuingia hadi ndani ya nyumba za Waarabu wenyewe.

Nyumba mojawapo ilikuwa ya Abul-Aswad ad-Duali, mshairi na kadhi wa Basra aliyefariki karibu mwaka 688. Inasimuliwa kwamba binti yake alitazama juu, akataka kusema jinsi mbingu ilivyo nzuri. Akasema ma ahsanu as-sama'i, na baba yake akamjibu: nyota zake. Kwa irabu zile binti alikuwa ameuliza swali, ni kitu gani kizuri zaidi mbinguni. Akasema hakuuliza, alikuwa akistaajabu. Baba akamwambia: basi sema ma ahsana as-sama'a, na ufungue kinywa chako. Katika mshangao wa Kiarabu, kile kinachostaajabiwa huingia katika nasbu, kama kwamba kuna kitu kisichotajwa kilichokifanya kuwa kizuri. Mbingu hapo ni mtendwa.

Hilo la kufungua kinywa lilizaa kazi kubwa. Abul-Aswad alimchukua karani wa kabila la Abdul-Qays, akampa wino wa rangi tofauti na ule wa msahafu, akamwambia amtazame midomo. Nikifungua kinywa, weka nukta juu ya herufi. Nikiteremsha, weka chini yake. Nikikunja midomo, weka mbele yake. Kufungua ni fataha, kuteremsha ni kasra, kukunja ni dhuma. Wanahistoria wa leo wanatilia shaka kama mtu mmoja tu aliyabuni yote hayo, nami sioni sababu ya kugombana nao, lakini misahafu ya kale ya mwandiko wa Kufa yenye nukta nyekundu za namna hiyohiyo ipo kwenye makumbusho, yeyote aende akaitazame.

Nukta zilichosha macho. Aliyeziondoa ni Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu wa kabila la Azd ambaye Waomani wanamhesabu kuwa wao hadi kesho. Mahali pa nukta aliweka herufi ndogo: alifu iliyolazwa kuwa fataha, wau ndogo kuwa dhuma. Ndizo alama zilizomo katika kila msahafu unaouzwa Darajani au Marikiti. Al-Khalil ndiye pia aliyeweka kanuni za mizani ya mashairi na kuasisi kamusi ya kwanza ya Kiarabu, lakini kwa habari yetu jambo kubwa alilofanya ni kumpokea mwanafunzi mmoja kutoka Uajemi.

Mwanafunzi huyo aliitwa Amr bin Uthman, akijulikana kwa lakabu ya Kiajemi, Sibawayhi. Alizaliwa al-Bayda karibu na Shiraz, na Kiarabu alikikuta mbele yake kama ulivyokikuta wewe au mimi. Alikuja Basra kusoma hadithi, si nahau. Mwalimu wake, Hammad bin Salama, alikuwa akimwandikisha hadithi iliyotaja kwamba fulani na fulani wangeweza kulaumiwa, "isipokuwa Abud-Dardaa". Maneno ya mwalimu yalikuwa laysa Aba d-Darda. Kijana akaona hapana, baada ya laysa jina la kwanza huwa katika rafu, hiyo ndiyo kanuni. Akasahihisha kwa sauti: laysa Abu d-Darda. Hammad akampigia kelele kwamba amefanya lahni, kwani laysa hapa imetumika kwa maana ya "isipokuwa", na kinachofuata ni nasbu.

Sibawayhi akasema atatafuta elimu ambayo haitampa mtu nafasi ya kumwambia hivyo tena. Akahamia kwa Al-Khalil.

Kilichotoka humo ni kitabu kisicho na utangulizi, kisicho na hitimisho na kisicho hata na jina, kwa sababu mwandishi alifariki kabla hajakipa. Watu walikiita Al-Kitab tu, Kitabu, na hakuna aliyeuliza ni kipi. Wengine walifika mbali wakakiita Qurani ya nahau. Ndani yake Al-Khalil anatajwa mamia ya mara, mashairi zaidi ya elfu moja yameletwa kama ushahidi, na nasbu imepewa nafasi kuliko hali nyingine yoyote. Ni haki yake. Rafu ina kazi chache, jarri ina mbili, lakini nasbu inabeba mtendwa, wakati, mahali, sababu, namna, kinachoitwa, kinachotolewa katika kundi, na mengine.

Sibawayhi hakuridhika kuorodhesha. Alitaka kujua kwa nini. Jibu lake lilikuwa kwamba hakuna neno linalobadilika bila neno jingine kulibadilisha. Kila irabu ya mwisho ina amili wake, mtendaji anayeitia. Katika mfano aliopenda, wa mtu kumpiga Zaidi, kitenzi ndicho amili: kinamshika mtenda kikamtia u, kisha nguvu yake inavuka mpaka inamfikia Zaidi na kumtia a. Hata kana iliyomponza Al-Hajjaj aliieleza hivyo, kama kitenzi chenye mtenda na mtendwa, isipokuwa wote wawili ni kitu kilekile. Na pale ambapo kuna nasbu na kitenzi hakionekani, Sibawayhi aliamini kitenzi kimefichwa. Anayemwona mtu ameshika mshale na kusema tu jina la shabaha kwa nasbu, amemeza neno "unapiga". Nadharia hii ina uzuri wake: msemaji wa jangwani, ambaye hajui kusoma, anachukuliwa kuwa mtu mwenye hoja kwa kila sauti anayotoa.

Uzuri huo ndio uliomfikisha Baghdadi.

Mji ulikuwa mpya, haujatimiza hata miaka hamsini, na chini ya Harun ar-Rashid mambo yote yalipitia mikononi mwa waziri wake, Yahya bin Khalid al-Barmaki. Mwanachuoni mkuu wa lugha katika kasri alikuwa Al-Kisai, mtu wa Kufa, mmoja wa wasomaji saba ambao visomo vyao vya Qurani vinakubaliwa hadi leo, na mwalimu wa watoto wa khalifa. Basra na Kufa zilikuwa na mashindano ya siku nyingi. Watu wa Basra walitaka kanuni. Wakisikia usemi wa ajabu kutoka kwa Bedui mmoja, waliuweka pembeni. Watu wa Kufa waliupokea, na ikibidi waliujengea kanuni yake. Sibawayhi alipofika akiomba mdahalo, Yahya alipanga siku.

Alipoingia ukumbini, Al-Kisai hakuwa amefika. Walikuwapo wanafunzi wake, Al-Farra na Al-Ahmar. Al-Ahmar akamuuliza swali, akajibu, akaambiwa umekosea. La pili, umekosea. La tatu vilevile. Sibawayhi akasema huu ni utovu wa adabu. Al-Farra akajaribu kutuliza, akamwambia mwenzetu huyu ana hamaki, naye akaanza maswali yake. Mwishowe Sibawayhi akasema hatazungumza nao tena mpaka aje mwenyewe.

Akaja. Al-Kisai akauliza: utanihoji au nikuhoji? Nihoji wewe, akasema Sibawayhi. Swali lilihusu sentensi ya mtu aliyedhani kwamba nge anauma vikali kuliko nyigu, kisha akaumwa na nyigu, kumbe huyu ni yuleyule. Kwa bahati Kiswahili kina "kumbe", kwani ndiyo kazi ya fa-idha katika Kiarabu hicho. Mzozo ulikuwa juu ya maneno mawili tu yanayofuata. Je, useme huwa hiya, viwakilishi vyote viwili katika rafu? Au huwa iyyaha, cha pili kikiwa katika nasbu kama mtendwa?

Sibawayhi akajibu huwa hiya. Nasbu haifai. Na ukifuata nadharia yake, hawezi kujibu vingine: baada ya kumbe kuna jambo na habari yake, huyu ni yule, hakuna kitenzi, hakuna nguvu inayovuka kwenda kokote. Al-Kisai akamtolea mifano mingine ya muundo huohuo. Kila mmoja Sibawayhi akaurudisha kwenye rafu. Al-Kisai akasema Waarabu hawasemi hivyo. Wanasema kwa rafu na wanasema kwa nasbu pia.

Yahya akakwama. Akasema nyinyi wawili ndio vinara wa miji yenu na mmehitilafiana, nani atahukumu? Al-Kisai alikuwa na jibu tayari. Mlangoni pako, akasema, kuna Waarabu wa jangwani waliokuja kutoka kila upande, watu wa Basra na wa Kufa wote huchukua lugha kwao, waitwe. Wakaitwa. Wanatajwa kwa majina, Abu Faqas, Abu Dithar na wenzao. Wakaulizwa, wakasema neno ni la Al-Kisai.

Tazama walichosema. Kwa mapokezi ya upande wa Basra, hakuna hata mmoja aliyetamka huwa iyyaha. Walisema tu kwamba Al-Kisai ndiye aliyesema sawa. Sibawayhi akamwomba Yahya awaamuru watamke sentensi yenyewe, kwa sababu, alisema, ndimi zao hazitakubali. Ombi halikusikilizwa. Mtu aliyejenga kitabu kizima juu ya masikio yake alinyimwa nafasi ya kusikia.

Wako wanaosema mashahidi walihongwa, na wako wanaosema hawakuhitaji kuhongwa, kwa kuwa walijua Al-Kisai ni nani kwa khalifa. Waandishi wa baadaye, wengi wao wakiegemea Basra, walilitengenezea tukio hili jina lake, Masuala ya Nyigu. Ibn al-Anbari, aliyefariki mwaka 1181, alilitia katika kitabu chake cha hitilafu za Basra na Kufa likiwa suala la 99. Watetezi wa Sibawayhi hupenda kuonyesha kwamba ndani ya Qurani, kila penye kumbe ya namna hiyo, pale fimbo ya Musa inapogeuka nyoka na mkono wake unapong'aa, habari imekuja katika rafu. Nadhani hoja yao ina nguvu. Lakini Al-Kisai naye hakuwa mjinga wala mwongo kwa kawaida yake, na si ajabu kwamba alikuwa amepata kumsikia mtu mmoja mahali fulani akisema huwa iyyaha. Watu husema mengi. Kosa, kama lilikuwapo, lilikuwa kuligeuza swali la "kwa nini" kuwa swali la "nani yuko upande wangu".

Al-Kisai alimwombea mpinzani wake asirudi mikono mitupu, na Yahya akampa dirhamu 10,000. Sibawayhi hakurudi Basra. Alielekea Uajemi alikozaliwa, na huko akafariki, kwa kauli mashuhuri karibu mwaka 796, akiwa hajafikisha umri wa uzee.

Kitabu kilibaki kwa Al-Akhfash, mwanafunzi aliyekuwa mkubwa kwa umri kuliko mwalimu wake. Inasimuliwa kwamba Al-Kisai mwenyewe alimlipa Al-Akhfash dinari kadhaa ili amsomeshe kitabu hicho faraghani. Na Al-Farra, yule kijana wa ukumbini ambaye baadaye alikuwa imamu wa Kufa, alipofariki mwaka 822 Al-Kitab kilikutwa chini ya mto wake wa kulalia.

Wakati wakuu hawa wakigombania nasbu ya kiwakilishi kimoja, nje ya kasri watu walikuwa wakiitupa nasbu yote. Ushahidi mmoja ulipatikana mwaka 1900, Mjerumani Bruno Violet alipokuwa akipekua maandishi ya kale katika msikiti wa Bani Umayya mjini Dameski. Aliona kipande cha Zaburi ya 78 kwa Kigiriki, na pembeni yake tafsiri ya Kiarabu iliyoandikwa kwa herufi za Kigiriki. Herufi za Kigiriki hazifichi irabu. Aliyeandika, Mkristo wa Shamu wa karne za mwanzo za Uislamu, ameweka irabu zote za ndani ya maneno, lakini zile fupi za mwisho, a ya mtendwa na u ya mtenda, kwa kawaida hazimo. Hakuwa akikosea. Alikuwa akiandika alivyosema.

Al-Jahiz, mwandishi wa Basra wa karne ya tisa, aliligundua hili kwa njia ya mzaha. Aliwaonya wasimuliaji kwamba ukisimulia kichekesho cha Bedui lazima uweke irabu zake zote, la sivyo kinapooza. Na ukisimulia kichekesho cha watu wa mtaani ukakitia irabu, umekiua vilevile. Basi kulikuwa na Kiarabu cha namna mbili mjini, na kila mtu alijua kipi ni cha wapi.

Madarasani hata hivyo Zaidi aliendelea kumpiga Amri kila siku ya Mungu, kwani walimu hawakuona haja ya kubadilisha mfano. Mustafa Lutfi al-Manfaluti, mwandishi wa Misri aliyefariki mwaka 1924, alisimulia kisa cha pasha wa Kituruki aitwaye Dawud aliyeamua kujifunza Kiarabu. Pasha akamuuliza mwalimu: huyu Amri amefanya nini hata anapigwa hivi? Mwalimu akasema hakuna aliyepiga wala aliyepigwa, ni mfano tu. Akatiwa ndani. Akaletwa mwingine, akajibu hivyohivyo, akatiwa ndani. Gereza likajaa wanavyuoni, mpaka akaja mmoja wa Baghdadi akasema Amri ni mwizi: ameiba wau ya jina la Bwana Pasha. Maana jina Dawud huandikwa na wau moja ilhali zinasikika mbili, na jina Amr huandikwa na wau ya ziada isiyosomwa, ili lisichanganywe na Umar. Pasha akafurahi sana, na wafungwa wakatoka. Kuna jambo ambalo pasha hakuambiwa, na mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza angelijua: jina hilo likiingia katika nasbu na n yake, huandikwa kwa alifu na ile wau huondoka. Kila Amri anapopigwa, mali ya wizi haimo mfukoni mwake.

Wapo waliochoka kwa uzito zaidi. Ibn Mada, kadhi mzaliwa wa Kurtuba aliyefariki mwaka 1196, aliandika kitabu cha kuwarudi wanahau, akasema amili ni ndoto: anayetia fataha ni msemaji, si kitenzi. Ibn Khaldun, katika Mukadima aliyoimaliza mwaka 1377, alitazama Kiarabu cha Mabedui wa zama zake, ambacho kilikuwa kimekwisha kupoteza irabu za mwisho, akasema si lugha iliyoharibika. Mtenda na mtendwa bado wanajulikana kwa mpangilio wa maneno na kwa muktadha. Kwa mwanachuoni wa karne ya 14 huo ni ujasiri, na sioni kama wengi walimsikiliza.

Pwani yetu ilipokea pande zote mbili. Katika vyuo vya Lamu, Mombasa na Unguja mwanafunzi akimaliza msahafu alitiwa katika Ajurumiya, kijitabu cha Ibn Ajurrum wa Fas aliyefariki mwaka 1323, akakariri kwamba vinavyotiwa nasbu ni 15 na cha kwanza katika hesabu ni mtendwa. Sokoni na bandarini kilisikika Kiarabu kingine, kile kisicho na mikia, na ndicho kilichotuachia kitabu badala ya kitabun. Isipokuwa mabaki machache ya nasbu ambayo hata Kiarabu cha mtaani kinayatunza, yale yaliyogandia katika vielezi na salamu. Mathalani, takribani, hususani, abadani, afuwani: ile -an imeongezewa i ili ulimi wetu upate pa kutua. Shukrani nayo asili yake ni mtendwa wa kitenzi kilichomezwa, kama alivyofundisha Sibawayhi. Sisi tumeifanya jina la kawaida, na tunasema shukrani zetu zimfikie fulani, nasbu imekaa kwenye kiti cha mtenda. Hammad bin Salama angeziba masikio.

Shambulio kali kuliko yote lilitoka Kairo mwaka 1951. Ibrahim Anis, profesa aliyesomea London, alidai kwamba i'rab ni kisa kilichotungwa na wanahau wa Iraki. Kwamba Waarabu walitia irabu mwishoni ili tu maneno yaungane vizuri, na wanahau wakazipa maana zisizokuwa nazo. Kitabu chake kilizua kelele, na si vigumu kuona kilichovutia: kama nasbu ni uzushi, basi vizazi vya watoto vimechapwa bure.

Lakini jibu lilikuwa limekwisha kufukuliwa nusu karne kabla. Majira ya baridi ya mwaka 1901 kuingia 1902, Wafaransa waliokuwa wakichimba Susa, kusini-magharibi mwa Uajemi, walitoa nguzo ya jiwe jeusi yenye sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli wa karibu mwaka 1750 kabla ya Kristo. Iko Louvre, Paris. Lugha yake ni Kiakadi, ndugu wa Kiarabu aliyekufa zamani, na majina yake humalizikia na u kwa mtenda, a kwa mtendwa na i kwa umilikaji, isipokuwa mahali pa n pana m. Karibu miaka 2,400 kabla ya Basra kujengwa, irabu zilikuwa zilezile na kazi ilikuwa ileile. Sheria ya kwanza kabisa inamhusu mtu anayemshtaki mwenzake kwa mauaji bila kuthibitisha, na hukumu yake ni kifo kwa aliyeshtaki. Jiwe halimwachii hakimu nafasi ya kuwachanganya wawili hao: mshtaki ameandikwa awilum, na mshtakiwa ameandikwa awilam.